Dhahabu ya Kilwa iliyosalimika Lisbon

Nilikwenda Lisbon kutafuta neno moja, na neno lenyewe liko mahali ambapo sharti uiname ndipo ulione. Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, kuna monstransi ya dhahabu, kile chombo ambacho padri wa Kikatoliki hukiinua kikiwa na Ekaristi ndani. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, wamenakshiwa kwa rangi, kila mmoja na ndevu zake. Watalii husimama dakika moja, huwapiga picha mitume, huenda zao. Mimi nilichuchumaa hadi mlinzi akaanza kunitilia shaka. Kwenye kitako, herufi za kizamani zimekwenda duara, zikieleza kwamba chombo hiki kiliagizwa na Mfalme Manuel, kikafuliwa kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikakamilika mwaka 1506.

Quiloa ni Kilwa. Ni hii yetu, Kilwa Kisiwani.

Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji huo na marikebu zilizosheheni mizinga, akamtaka Amiri Ibrahim achague moja: alipe, au mji upigwe. Amiri akalipa mithkali 1,500 za dhahabu. Mwaka 1505 Wareno walirudi, safari hii wakiongozwa na Francisco de Almeida, na mji ukaporwa vilevile. Aliyewahi kulipia kibali cha kibanda asubuhi na kuvunjiwa kibanda jioni hahitaji kufafanuliwa siasa za mwaka 1505.

Basi dhahabu ipo. Imeng'arishwa, imewekewa kioo na taa. Madaftari ndiyo hayapo. Biashara yote ya Wareno upande wa Bahari ya Hindi, kuanzia Sofala, Kilwa, Mombasa, Malindi hadi Goa, ilipitia ofisi moja mjini Lisbon iliyoitwa Casa da Índia. Humo ziliwekwa hesabu za shehena, orodha za marikebu na ramani za manahodha. Mtu anayetaka kujua ni nini hasa kilichochukuliwa pwani yetu, na kwa thamani gani, angeanzia hapo. Hakuna pa kuanzia tena. Karatasi hizo ziliteketea mwezi Novemba 1755, Lisbon ilipopigwa na tetemeko la ardhi, chombo cha dhahabu kikasalimika, na umbali kati ya vitu hivyo viwili haukuzidi kilomita saba. Nilichotaka kujua ni kilichomo ndani ya kilomita hizo saba.

Nikaanzia Belém, upande wa magharibi, maana ndiko dhahabu ilikokuwa. Mfalme Manuel, aliyefariki mwaka 1521, aliiachia kwa wasia monasteri ya Jerónimos, na tetemeko lilipofika liliikuta huko. Asubuhi ile Belém ilikuwa na mgeni mwingine wa maana. Mfalme José wa Kwanza na familia yake walikuwa wamesali alfajiri na kutoka mjini, kwa sababu binti zake walitaka kuipitisha sikukuu nje ya mji. Hivyo mfalme na dhahabu ya Kilwa waliokoka pamoja. Monasteri ilitikiswa lakini ikabaki wima. Leo foleni ya watalii huanzia mlangoni na kupinda hadi bustanini, na wote wanatazama juu. Mimi nilitazama chini. Ukichimba kidogo huku Belém, na kwenye vilima vya Ajuda na Alcântara vilivyo jirani, unagonga mwamba wa chokaa au mwamba mweusi wa volkano.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kwenye saa 3:40 asubuhi makanisa ya Lisbon yalikuwa yamefurika watu, na juu ya kila altare mishumaa ilikuwa inawaka. Majumbani meko yalikwisha kuwashwa kwa ajili ya chakula cha sikukuu. Kwanza ulisikika mngurumo uliowafanya wengine wadhani ni magari ya farasi yanapita mbio mtaani. Kisha ardhi ikaanza. Ilitikisika, ikatulia kidogo, ikarudi kwa nguvu zaidi, ikatulia tena, ikarudi mara ya tatu. Kwa jumla zilipita dakika kama sita hadi tisa.

Msomaji azitafakari dakika hizo. Septemba 2016 nilikuwa Mwanza, nimekaa mgahawani, mara chai ikaanza kucheza kikombeni na taa ya darini ikawa inayumba kama bembea. Ziwa lilikuwa kati yetu na Bukoba, ambako nyumba zilikuwa zinaanguka na watu wanakufa. Mtikisiko ule ulikuwa wa kipimo cha 5.9, na huku kwetu ulikwisha kabla sijaamua kama nisimame au nikae. Wa Lisbon hukadiriwa kuwa ulifikia 8.5 au zaidi. Vipimo hivi havipandi kama ngazi za nyumba: kila namba moja inayoongezeka, nguvu huzidi takribani mara 32. Tofauti ya hayo mawili ni ya maelfu.

Chanzo chake kiko baharini, kusini magharibi ya Rasi ya Mtakatifu Vicente, mamia ya kilomita kutoka Lisbon. Hapo ndipo bamba la Afrika linapokutana na bamba la Ulaya. Bara letu husogea kwenda kaskazini magharibi kwa milimita chache tu kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyoota, na huko mbele halina nafasi ya kupita. Miamba hubanana karne kwa karne, inakunjamana na kujipinda, mpaka siku moja inakatika na kuachia. Wanajiolojia bado wanabishana ni ufa upi hasa uliokatika mwaka 1755, maana sakafu ya bahari pale ina nyufa zaidi ya moja zinazoweza kushitakiwa. Kwamba ni Afrika iliyoisukuma Ulaya, hilo halina ubishi. Na tulivyo watu wa ajabu, upande wetu wa mashariki bara hilohilo linachanika, ndiyo Bonde la Ufa, na ndiyo maana Bukoba nayo ina zamu yake.

Kutoka Belém niliufuata mto Tejo kuelekea katikati ya mji. Njiani, bondeni Alcântara, matao ya mfereji wa Águas Livres yamesimama marefu kiasi kwamba magari yapitayo chini yanafanana na vitu vya kuchezea watoto. Lililo refu kuliko yote lina urefu wa mita 65. Mfereji huo ulianza kuuletea mji maji mwaka 1748, na tetemeko halikuuangusha. Miongoni mwa wahandisi walioushughulikia ni Manuel da Maia. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Ukifika Terreiro do Paço, uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa mto, ardhi inabadilika ingawa jicho halioni. Eneo linaloitwa Baixa, yaani Bondeni, hapo kale lilikuwa mkono wa mto. Likajaa tope na mchanga, likafukiwa, likajengwa. Tikisa jiwe, kisha tikisa bakuli la uji, uone kipi kinaendelea kucheza baada ya mkono wako kutulia. Juu ya uji huo ndipo Lisbon ilipoweka vitu vyake vya thamani zaidi. Kasri la Ribeira lilikuwa hapo na maktaba ya vitabu vinavyohesabiwa 70,000. Jumba la opera lilikuwa hapo, jipya kabisa, lina miezi saba tu tangu lifunguliwe. Hospitali kuu ya Watakatifu Wote haikuwa mbali. Na Casa da Índia ilikuwa hapo pia, kwa sababu karani wa bandari hutaka kukaa karibu na bandari.

Nyumba za Baixa ziliporomokea kwenye vichochoro, na vichochoro vyenyewe vilikuwa vyembamba, kwa hiyo aliyetoka mlango wa nyumba yake aliuawa na ukuta wa jirani. Walionusurika walikimbilia uwanjani kando ya mto, na mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyohivyo: hapakuwa na kitu juu ya vichwa vyao ila mbingu. Kama saa moja baadaye maji ya Tejo yalijivuta. Sakafu ya mto ikaonekana, na mabaki ya vyombo vilivyozama yakaanikwa juani. Watu wa pwani yetu, hasa tangu tsunami ya Desemba 2004, tunajua maana ya maji kukupwa ghafla wakati usio wa kupwa. Wao hawakujua. Maji yalirudi yakiwa ukuta, yakapanda uwanjani, yakawachukua wale waliodhani wamekwisha kuokoka, kisha yakarudi tena, na tena.

Lakini mwuaji mkubwa wa karatasi alikuwa moto. Mishumaa ile ya sikukuu iliangukia vitambaa vya altare, makaa ya mekoni yakaangukia mbao za sakafu, na upepo ukafanya kazi iliyobaki. Wenye nguvu za kuzima walikuwa wameukimbia mji. Waliobaki walikuwa chini ya mawe. Moto uliwaka siku tano au sita. Hospitali iliungua na wagonjwa ndani. Maktaba ya mfalme ikaungua, Casa da Índia ikaungua. Madaftari ya Kilwa, kama yalikuwamo, hayakuvunjwa na tetemeko wala kuoshwa na wimbi. Yaliungua polepole, baada ya tetemeko kupita, kwa sababu ilikuwa sikukuu na kwa sababu hapakuwa na mtu.

Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema 10,000, wapo wanaosema 60,000, na wengi hutaja 30,000 hivi, katika mji wa watu wapatao 200,000. Morocco nayo iliumia vibaya, ingawa vitabu vya Ulaya huitaja kwa sentensi moja, kama nilivyoitaja mimi sasa.

Nikapanda kilimani hadi Carmo. Kanisa la watawa lililoanguka paa siku ile halikuezekwa tena. Matao yake yamebaki yakishika hewa, na njiwa wanapita katikati yake. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Swali la wakati ule ni rahisi kulielewa ukiwa umekaa chini ya matao hayo: kwa nini siku takatifu, saa ya misa, tena makanisani? Wapo waliosimulia kwa kejeli kwamba mitaa ya madanguro huko Alfama ilisalimika huku nyumba za Mungu zikianguka. Kejeli hiyo ina maelezo yake: Alfama iko mlimani.

Padri Gabriel Malagrida, Mjesuti mzee aliyeheshimika sana, alichapisha kijitabu mwaka 1756 akisema chanzo ni dhambi za watu wa Lisbon, si jambo la maumbile. Asingesumbuliwa kama angeishia hapo. Alisema pia kwamba kushughulika na vibanda na ujenzi badala ya toba ni kumchokoza Mungu, na maneno hayo yalimgusa waziri aliyekuwa anashughulika na vibanda na ujenzi. Waziri huyo, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, hakuwa mtu wa kuguswa. Malagrida alihamishwa mji. Wajesuti wote walifukuzwa Ureno mwaka 1759, na mwaka 1761 mzee huyo alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto hadharani kwa hukumu ya mahakama ya Kanisa, iliyokwisha kuwa mkononi mwa waziri.

Waziri huyo ndiye aliyeagiza maiti zipakiwe kwenye majahazi na kuzamishwa baharini, jambo lililohitaji ruhusa ya Patriaki. Akapiga marufuku kupandisha bei ya chakula, akasimamisha miti ya kunyongea waporaji mahali pa juu ambapo kila mtu aliiona. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1756, akafanya jambo ambalo kwangu linayazidi yote hayo. Alituma maswali 13 kwa parokia za nchi nzima. Mtikisiko ulianza saa ngapi, ukachukua muda gani? Ulihisiwa kutoka upande gani zaidi? Bahari ilikupwa kwanza au ilijaa kwanza? Ardhi ilipasuka wapi, na kuna kitu kilichotoka humo? Kulikuwa na moto? Mapadri wa vijijini, watu ambao juzi tu walikuwa wanahubiri ghadhabu ya Mungu, wakaketi na kalamu kujibu maji yalifika wapi na yalikaa muda gani. Majibu yao yamewasaidia wataalamu wa leo kukadiria chanzo cha tetemeko kilikuwa wapi.

Wanafalsafa walifanya yao. Voltaire aliandika shairi la uchungu, na miaka michache baadaye akampeleka shujaa wake Candide Lisbon siku ileile ya mtikisiko. Kant, akiwa bado kijana, aliandika makala tatu za kueleza mitikisiko kwa mapango na moto wa chini ya ardhi. Alikosea, ila alikuwa anatafuta mahali panapofaa kutafutwa. Aliyenikuna zaidi ni Rousseau, aliyemjibu Voltaire kwa barua kwamba si maumbile yaliyokusanya nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba mahali pamoja. Msomaji wa Dar es Salaam ataona ghorofa za Kariakoo zikipita mbele ya macho yake.

Nikashuka tena Baixa, safari hii chini yake. Katika mtaa wa Correeiros, chini ya jengo la benki, kuna chumba cha kiakiolojia unachoingia na kiongozi. Humo unaona matangi ya Warumi waliotia samaki chumvi. Kando yake, zikiwa zimezama kwenye tope, kuna nguzo za msonobari zilizopigiliwa ardhini baada ya mwaka 1755 ili zishike mji mpya. Mti mbichi ukikaa ndani ya maji bila hewa hauozi. Tatizo ni maji yakishuka. Mji wote huu wa mitaa iliyonyooka, Mtaa wa Dhahabu, Mtaa wa Fedha, Mtaa wa Washona Viatu, umekaa juu ya miti iliyolowa.

Na ndani ya kuta zake kuna miti mingine. Wareno wanaiita gaiola, yaani tundu la ndege. Kiongozi alituonyesha ukuta uliobanduliwa plasta, na mwenzangu wa safari, mjukuu wa fundi wa Lindi, akacheka kwa sauti. Kilikuwa kiunzi cha mbao zilizosimama, zilizolala na zilizopishana msalaba, na katikati yake wamejaza mawe madogo na chokaa. "Wamekandika," alisema. Tofauti ni kwamba fito zao zimepasuliwa kwa msumeno na kuungwa kwa ufundi wa seremala, lakini wazo ni lilelile ambalo bibi zetu hawakuhitaji mhandisi kulijua: udongo na mawe vikiporomoka, miti itaendelea kushikana na kumwachia mtu nafasi ya kutoka. Inasimuliwa kwamba walijenga mfano wa nyumba uwanjani na kuwaamuru askari waukanyagie kishindo pande zote, waone kama utaanguka. Vipande vilitengenezwa kwa kipimo kimoja, vikaletwa tayari na kuunganishwa. Kuta za kuzuia moto zikapandishwa kupita paa, ili nyumba moja ikiungua ya pili isiungue.

Fedha zilitoka kwingine, kama kawaida. Wafanyabiashara walitozwa ushuru wa ziada wa asilimia 4 forodhani, na dhahabu ya Brazili, iliyochimbwa na Waafrika watumwa, iliendelea kumiminika. Dhahabu ya Kilwa ilikuwa tone tu kando ya hiyo.

Mfalme José hakurudi tena chini ya paa la mawe. Alijengewa makao ya mbao huko Ajuda, juu ya mwamba, na huko akaishi hadi alipofariki mwaka 1777. Watu waliyaita Banda la Kifalme, na sidhani kama walikuwa wanamcheka.

Rasimu ya kwanza ya mji mpya iliandikwa mwezi mmoja tu baada ya msiba, na aliyeiandika ni Manuel da Maia, yule wa mfereji. Alikuwa na miaka 78. Alipima njia kadhaa: kujenga kama zamani, kupanua mitaa, kuhamishia mji Belém, au kuibomoa Baixa yote na kuichora upya. Ilichaguliwa hii ya mwisho, na wasaidizi wake Eugénio dos Santos na Carlos Mardel wakaichora. Hayo yamo katika kila kitabu cha Lisbon. Lisilotajwa sana ni kwamba mzee huyo alikuwa na kazi ya pili. Alikuwa mtunzaji mkuu wa nyaraka za ufalme, Torre do Tombo, zilizokaa katika mnara wa ngome ya São Jorge tangu mwaka 1378. Tetemeko liliuangusha mnara. Lakini ngome iko kileleni, na moto wa Baixa haukuifikia. Karatasi zilikuwa chini ya mawe, si ndani ya majivu. Maia akazifukua, akazihamishia kwenye vibanda vya mbao uwanjani mwa ngome, na mwaka 1757 zikapata hifadhi katika monasteri ya São Bento, ambako zilikaa hadi mwaka 1990.

Miongoni mwa zilizofukuliwa zimo barua za Kiarabu kutoka bandari za Bahari ya Hindi, Malindi ikiwamo, ambazo Fr. João de Sousa alizichapisha mwaka 1790. Barua zile zilipanda mlimani kwa sababu ziliandikiwa mfalme. Hesabu za dhahabu zikabaki bondeni kwa sababu zilikuwa za makarani. Ndivyo tulivyobaki na salamu za masultani bila stakabadhi zao.

Siku ya mwisho nilirudi Janelas Verdes kumuaga Mtume Petro na wenzake. Kasri lenye makumbusho hayo, nilikuja kusoma mlangoni, liliwahi kuwa mali ya familia ya Pombal. Nikamwuliza mlinzi yule aliyenitilia shaka siku ya kwanza kama mahali hapa napo palianguka mwaka 1755. Hakunijibu kwa historia. Alinipeleka hadi dirishani, akanionyesha ngazi zinazoshuka kwa kasi kutoka bustanini hadi gatini, akaniambia jina la kilima tulichosimama juu yake: Rocha do Conde de Óbidos. Rocha ni mwamba. Kisha akarudi kwenye kiti chake, maana kundi jingine lilikuwa linaingia, na mtoto mmoja alikwisha kuegemeza pua kwenye kioo cha dhahabu ya Kilwa.